Samaki kafika hai, kisha akafa: kutafuta chanzo unapogawa tangi lako la matumbawe

Kila mwaka, shule zikikaribia kufungwa mwezi Juni, simu yangu hapa Muscat, Oman, haipumziki. Watu wanahama. Mikataba imekwisha, tiketi zimekatwa, na sebuleni kuna tangi la maji ya bahari lililolelewa miaka mitano au sita, lenye samaki waliokwisha kumjua mwenye nyumba na matumbawe yaliyoanza kama vipande vya ukubwa wa kidole. Wote wanauliza swali moja: viumbe hawa niwapeleke wapi, na niwafikisheje?

Nimesaidia kuhamisha matangi mengi, na nimeona viumbe wakifa kwa njia zilezile. Anayefia kwa mpokeaji mara nyingi aliharibiwa kwa mtoaji, siku kadhaa nyuma, kwa jambo dogo ambalo hakuna aliyelipima. Kwa hiyo naanza na dalili, kisha nairudisha nyuma hadi ilikotoka.

Kabla ya yote, andika kwenye karatasi namba tatu za tangi lako: joto, uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na wa maji matamu, na KH, yaani kiasi cha kabonati kilichomo majini. Muombe mpokeaji akupe zake. Ziwe za leo, msizitoe kichwani. Niliwahi kupima tangi la bwana mmoja aliyeapa kwamba lake ni 1.025 siku zote, nikakuta 1.029. Alikuwa amezama kwenye kufunga mizigo, maji yanapotea kwa mvuke chini ya kiyoyozi usiku na mchana, na hakuna aliyekumbuka kurudishia maji matamu. Mvuke huondoka, chumvi haiondoki.

Samaki alikuwa mzima mfukoni. Mfuko umefunguliwa, saa moja baadaye amelala ubavu

Naianza hii kwa sababu ndiyo iliyoniuma. Miaka michache iliyopita nilimpeleka kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, kutoka mtaa wa Al Khuwair hapa Muscat hadi mji wa Sohar. Ni samaki wa Bahari ya Hindi, na waliozamia Mnemba au Kisite wanamjua: mwili wa rangi ya anga, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Njia nzima alikuwa ametulia. Tulifika, kijana aliyempokea akafungua mfuko, akatia mrija mwembamba wa kudondosha maji ya tangi lake tone kwa tone, kama tulivyofundishwa sote, nasi tukakaa kunywa kahawa. Dakika 40 baadaye akaniita: "Ami, njoo, samaki kalala ubavu." Nilimkuta matamvua yamefunguka wazi, mekundu ya kuiva, mkia unatetemeka. Hakufika adhuhuri.

Kilichomuua ni kemia ya mfuko. Samaki aliyefungiwa hutoa amonia, na kwa kupumua hutoa kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ikijaa, maji huchachuka, yaani pH yake hushuka, na amonia hugeuka amoniamu, ambayo haina makali sana. Ndiyo maana samaki anaweza kukaa saa nyingi katika maji yake machafu akafika mzima. Ukifungua mfuko gesi inatoroka, na kila tone la maji mapya yenye pH ya 8.2 linazidi kupandisha pH ya mfukoni. Amoniamu inarudi kuwa amonia, na samaki yumo ndani yake, inamchoma matamvua. Utaratibu wa tone kwa tone, ambao haudhuru kwa safari ya nusu saa, kwa safari ya saa mbili na zaidi unageuka sumu ya polepole.

Kazi hiyo ifanywe kabla ya safari. Siku moja au mbili mbele, mpokeaji atayarishe ndoo kubwa au tangi dogo lenye hita na pampu ya hewa, chumvi yake iwe sawasawa na ya kwako. Kama wewe uko 1.026 na yeye 1.021, ndoo iwe 1.026. Mfuko ukifika uachwe uelee ukiwa bado umefungwa, dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Kisha ufunguliwe, samaki atolewe kwa kikombe cha plastiki au mkono uliolowa, aingie ndooni papo hapo. Maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie kwenye tangi hata kidogo. Kuanzia hapo chumvi ya ndoo ndiyo itakayosogezwa taratibu. Kushuka, samaki huvumilia vizuri. Kupanda kunamtesa, kwa hiyo kugawanywe kwa siku kadhaa.

Konokono, kamba na kiti cha pweza wana hesabu nyingine. Hao chumvi ikibadilika ghafla ndiyo inayowamaliza, na tone kwa tone la saa moja hadi mbili ni haki yao. Kiti cha pweza ni mwenye siri kuliko wote: siku ya kwanza anatembea, siku ya nne ncha za mikono zinaanza kumumunyuka. Ukiona hivyo, aliharibika siku ile ya kwanza, na sijapata kumwona mmoja aliyerudi.

Njiani, samaki anahema juu juu

Hapa kwetu mshitakiwa wa kwanza ni joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na samaki mwenyewe, joto likipanda, anahitaji oksijeni zaidi. Gari lililoachwa juani dakika kumi huku dereva anatafuta risiti ya petroli linatosha kuua. Ondoka baada ya sala ya alfajiri, kabla barabara ya Sultan Qaboos haijajaa na kabla jua halijashika. Mifuko iwe ndani ya deli au boksi la povu lenye mfuniko, na ukitaka barafu, iviringwe kwenye taulo na isigusane na mfuko. Lengo ni maji yabaki kati ya digrii 24 na 27. Kuna waliowapoza samaki mpaka 19 kwa huruma, wakawafikisha wamezimia.

Mshitakiwa wa pili ni tumbo. Samaki mzima asilishwe saa 24 hadi 48 kabla ya safari, maana anachokula leo atakinya mfukoni kesho. Mwenye nyumba huona vibaya kuagana na samaki wake kwa njaa, lakini kile chakula cha kwaheri ndicho kinachochafua maji.

Wa tatu ni mfuko wenyewe: theluthi moja maji, theluthi mbili hewa, mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine. Hewa ipigwe kwa pampu, au mdomo wa mfuko upungwe hewani ukamatwe haraka. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi yako imeshabeba kabonidayoksaidi. Kangaja ana kiwembe kila upande wa shina la mkia na kikande ana mwiba mgongoni. Hao wape ndoo yenye mfuniko na pampu ya hewa ya betri.

Samaki hakamatiki

Acha kumfukuza. Kila dakika ya mbio inamlaza kinga yake, na matumbawe yanavunjika. Ama anza wiki mbili mapema kwa mtego wa boksi la plastiki angavu, unamlisha humo kila siku mpaka aone ni kwake, ama subiri siku yenyewe: toa mawe yote, punguza maji yabaki shubiri moja, na utumie chombo cha plastiki badala ya kimia, kwa sababu miiba ya matamvua hunasa kwenye nyuzi. Wapo wanaojifukia mchangani taa zikizimwa. Kama umehesabu saba ukapata sita, pitisha vidole mchangani polepole kabla hujasema amekufa zamani.

Nemo wawili waliooana waende pamoja. Mkubwa ni jike, mdogo ni dume, na ukiwatenganisha, dume aliyebaki peke yake anaweza kugeuka jike. Mpokeaji akija kumtafutia mwenza akamletea jike mwingine, patakuwa na vita.

Maji yananuka yai viza, au siku ya tatu yamekuwa kama ya kunde

Hizi ni dalili mbili, na chimbuko lake ni kwamba tangi limevunjwa kwa mpangilio mbaya.

Harufu ya yai viza inatoka mchangani. Chini ya mchanga wa miaka mingi kuna tabaka jeusi lisilo na oksijeni, na humo hutengenezwa haidrojeni salfaidi. Ukiutibua samaki wakiwa bado ndani, unawapa sumu hiyo pamoja na uchafu wote uliolala humo. Watoke kwanza samaki, kisha matumbawe, kisha mawe. Mchanga uwe wa mwisho kabisa, tena bora usimpe mtu. Akiung'ang'ania, auoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe.

Maji ya siku ya tatu yaliyovurugika, samaki wakihema, ni amonia ya mawe yaliyokufa. Watu hubeba lita 200 za maji ya zamani kwa imani kwamba bakteria wako majini, huku mawe yamewekwa barazani juu ya gazeti. Bakteria wanaosafisha tangi wanaishi juu na ndani ya mawe, na kwenye mawe hayohayo kuna sponji na minyoo wadogo ambao wakikauka wanaoza. Mawe yasafiri yamezama kwenye maji ya chumvi, au kwa safari fupi yafunikwe taulo zilizolowa maji ya tangi. Ikiwa madhara yameshatokea, mpokeaji abadilishe maji kwa wingi kila siku, apunguze chakula, na apime amonia asubuhi na jioni mpaka isomeke sifuri.

Matumbawe hayafunguki, yamepauka, au nyama inachunika

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi, kwa sababu dalili tatu tofauti huitwa jina moja: "yanakufa."

Kujifunga siku ya kwanza hadi ya tatu ni kawaida, usiyasogeze. Tumbawe ngozi, lile la uyoga mkubwa, linaweza kukaa wiki nzima limenywea, likavaa utando kama nta, kisha likauvua na kutoka jipya. Nimeshapigiwa simu na mpokeaji aliyekuwa amelitia tumbawe la namna hiyo kwenye ndoo ya taka. Tulilitoa, na baada ya siku nne lilifungua vidole vyake vyote.

Kupauka kwa taratibu, nyama ikiwa bado imeshika mfupa, ni habari ya mwanga. Rangi nyingi ya tumbawe inatokana na vimwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha. Mwanga ukilizidi, linawatoa. Tangi lako la zamani lina taa zilizochoka na kioo chenye ukungu, mpokeaji amenunua taa mpya na anataka kuonyesha. Taa ishushwe hadi nusu, tumbawe likae chini ya tangi, na mwanga upandishwe kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Kama kuna pampu ya mawimbi, isilielekee moja kwa moja.

Nyama ikichunika, mfupa mweupe ukionekana kuanzia chini kwenda juu, hasa kwenye matumbawe ya matawi kama Acropora, hilo ni jambo la saa. Tafuta KH. Tangi lililozoea 7 likipelekwa kwenye 11, au kinyume chake, matawi hayo hayavumilii. Ndiyo maana nilitaka zile karatasi mbili: ukiwa na wiki tatu mkononi, unaweza kulisogeza tangi lako lifanane na la mpokeaji, nusu digrii ya KH kwa siku, na kwa vyovyote isizidi digrii moja. Uchunikaji ukishaanza, kata ncha zilizo hai, sentimita moja au mbili juu ya mstari wa kifo, uzigandishe kwenye jiwe jipya. Shina liache liende.

Kuna na ute wa kahawia, kama uji uliomwagika, unaotoka kwenye matumbawe yenye vichwa vya nyama ndefu, jamii ya Euphyllia. Huo karibu daima unaanzia kwenye jeraha la safari: nyama imesuguana na mfupa wake au na ukuta wa mfuko. Uvute wote kwa mrija, uchovye tumbawe kwenye dawa ya iodini, ulitenge. Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Chukua kipande cha povu, funga tumbawe kwa mpira kwenye jiwe lake, kisha ulipindue: povu linaelea, tumbawe linaning'inia kichwa chini katikati ya maji, nyama haigusi chochote. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilidhani mtu ameweka vibaya. Tangu nianze kufanya, vichwa vyangu vinafika havina mkwaruzo.

Na neno moja kwa usalama wa watu. Yale matumbawe mazuri ya vifungo vya rangi, zoanthidi na palithoa, baadhi yake yana palitoksini, sumu kali isiyokufa kwa moto na isiyo na dawa ya kuitengua. Vaa glavu na miwani. Usiyakwangue makavu, usiyapige brashi yakakurukia usoni, na usichemshe kamwe jiwe lililokuwa nayo ili kulisafisha, kwa sababu mvuke wake umeshawalaza watu wa nyumba nzima hospitalini. Baada ya kuyashika, ukihisi ladha ya chuma mdomoni, homa au kifua kubana, nenda hospitali na uwatajie sumu hiyo kwa jina.

Anemoni haachii

Ukimvuta, mguu unachanika, na anemoni aliyechanika mguu huoza na kuchafua tangi zima. Akiwa kwenye jiwe, mchukue na jiwe lake. Akiwa kwenye kioo, pitisha kadi laini ya plastiki pembeni mwa mguu kwa subira, au gusisha kipande cha barafu nyuma ya kioo usawa wake mpaka aachie mwenyewe. Asafiri peke yake. Kwa mpokeaji, pampu zote ziwe na vizuizi, kwa sababu siku za mwanzo atatembea akitafuta mahali.

Wiki ya kwanza, madoa meupe kama chembe za chumvi

Mpokeaji atasema umempa ugonjwa, na huenda ni kweli. Kimelea Cryptocaryon irritans anaweza kukaa kimya kwenye tangi lililotulia, kisha samaki akichoshwa na safari, kinga inalala na madoa yanatoka. Kangaja ndio huanza. Samaki watolewe wote, watibiwe kwa dawa ya shaba kwenye tangi tupu lisilo na mawe wala matumbawe. Shaba inaua kamba, konokono na matumbawe, na ikishanyonywa na mawe haitoki kirahisi. Tangi kubwa libaki bila samaki. Wengi wetu tunahesabu siku 76. Yakiwa ni vumbi laini la dhahabu badala ya chembe, na samaki anahema haraka na kukimbilia mkondo wa pampu, ni ugonjwa mwingine, Amyloodinium, na una siku chache tu.

Kama tangi lako liliwahi kuugua, sema kabla hujapokea ahsante. Mpokeaji akijua, ataandaa karantini.

Samaki haumwi, lakini anakonda

Hapa kosa ni la kuchagua mpokeaji. Samaki mandarini, Synchiropus splendidus, anakula wadudu wadogo wa mawe kutwa nzima, na tangi la miezi mitatu halina wadudu wa kumtosha. Atakonda tumboni mpaka mgongo uonekane, huku kila mtu akimsifu kwa rangi. Mpe mwenye tangi kongwe lenye mawe mengi, hata kama mwenye tangi jipya ndiye anayekuomba kwa upole zaidi. Vivyo hivyo kangaja mwenye urefu wa kiganja asiende kwenye tangi la lita 150. Omba picha ya tangi, uliza lina umri gani, na kama ni duka, uliza ni matangi yapi wanayotia shaba.

Hakuna anayewataka, na bahari iko hapo

Nimeambiwa mara nyingi: "Ami, si tunawarudisha kwao tu?" Kwao si hapa. Nemo wa dukani, Amphiprion ocellaris, ametoka mbali mashariki. Oman ina wake, Amphiprion omanensis. Pamoja na samaki unamwaga vimelea na magonjwa aliyoyaokota kwenye matangi ya mabara matatu. Kule Florida samaki simba wa Indo-Pasifiki alionekana mara ya kwanza mwaka 1985, na leo amejaa hadi Karibi. Mwani Caulerpa taxifolia ulionekana Monaco mwaka 1984, ukatambaa chini ya Mediterania. Ulipogunduliwa California mwaka 2000, iliwachukua miaka sita ya kazi kuumaliza.

Kuvuka mpaka nako kuna sheria. Matumbawe mawe yamo kwenye Orodha ya 2 ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na yale mawe hai unayoyaona kama mapambo tu. Rafiki wa Dubai anayeyataka aanze na vibali, la sivyo tafuta mtu wa Nizwa, humuhumu Oman.

Mwani uliobaki kwenye chujio la chini ugandishe kwenye friza usiku kucha au uanike juani mpaka uvunjike mkononi, ndipo utupwe na takataka. Maji ya tangi yaende chooni au kwenye sinki, yasimwagwe kwenye wadi, yaani bonde la mto mkavu, wala kwenye mtaro unaoshuka baharini.